Niliinama kama rukuu mbele ya eksirei, wakasema mgongo wangu umeganda

Wakuu, heshima zenu.

Mimi kwa kawaida ni msomaji tu humu. Wajukuu waliniwekea jukwaa hili kwenye simu ili nisiwasumbue, na kweli siwasumbui tena. Nasoma, nacheka, napita. Leo nimeshindwa kupita.

Kuna kijana aliandika jana kwamba kapigwa picha za mgongo. Aliambiwa ainame mbele, kisha ajipinde nyuma, wakapiga. Daktari akamsomea majibu kwa maneno magumu, yeye akasema "sawa daktari" na kuondoka. Sasa hana usingizi, na anatuuliza sisi, watu asiotujua hata sura, ana ugonjwa gani.

Kijana, rudi kwa daktari wako. Ila kabla hujarudi soma haya. Yalinipata mimi mwenyewe, kwenye mgongo huu huu nilioegemeza kwenye mto saa hizi. Siongezi chumvi. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Uzi ni mrefu, mnisamehe. Vuteni viti.

Huku Bara kila mtu wa Komoro mnamwita Mngazija, nimeshazoea. Ukweli ni kwamba mimi ni wa Nzwani, nimezaliwa Patsy, kijiji kilicho mlimani juu ya mji wa Mutsamudu. Kiswahili nilikipata kwa baba, aliyeuza nguo Unguja miaka mingi kabla ya kurudi kwao.

Haya ni ya miaka ile baada ya uhuru wetu, wakati serikali ya mapinduzi imeshika nchi. Kwa wasiojua: Wafaransa walifungasha wakaondoka, na madaktari wao wakaondoka nao. Watumishi wengi wa serikali wakarudishwa majumbani. Vijana wa kamati wakawa ndio wenye amri mitaani. Na zile harusi kubwa za kwetu, za kumaliza mali ya ukoo mzima, zikapigwa marufuku.

Siasa sitaki, mods wataufunga uzi. Nasema tu kwamba hilo la harusi lilinifaa mimi. Nilikuwa kuli wa bandarini, sina mbele wala nyuma, na nilikuwa nampenda Echati, binti wa mjini. Kwa utaratibu wa zamani ningemwangalia tu akiolewa na mwingine. Nikamuoa kwa sahani chache za wali na dua.

Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke na mama yake. Basi nikaingia kwa mama mkwe wangu, Bi Zaina, kwenye nyumba ya mawe katika vichochoro vya mji wa kale. Akanipa jina: mkwe wa serikali.

Alikuwa akilitamka huku anacheka, na mimi nacheka. Lakini wote nyumbani tulijua anasema nini. Kama si serikali, nisingevuka kizingiti kile.

Kwa hiyo nilichokuwa nacho mle ndani ni mgongo wangu. Mchele nilibeba mimi, maji nilibeba mimi, hata kabati la marehemu baba mkwe lilipohamishwa chumba nilibeba mimi peke yangu huku Bi Zaina ananiangalia. Siku ile hakuniita mkwe wa serikali.

Sasa ikaja asubuhi moja bandarini. Meli zilikuwa zinatia nanga mbali, mizigo inaletwa na matishari, sisi tunaipokea. Nilipokea gunia la mchele huku nimejigeuza, mguu mmoja juu ya jiwe lenye utelezi.

Nilisikia kiunoni kitu kama mlango uliochomoka bawaba. Sikuanguka. Niliweka gunia chini vizuri, kisha nikashindwa kunyooka.

Nilikandwa kwa mafuta ya kila aina. Nilifungwa kitambaa, nilisomewa. Maumivu yakashuka paja la kushoto mpaka kwenye vidole. Kubwa zaidi, sikuweza kuvaa makubadhi yangu mwenyewe. Echati alikuwa na mimba kubwa, na ndiye aliyekuwa anachuchumaa na tumbo lake kunivisha.

Wakuu, niliona aibu mpaka nikawa nasubiri Bi Zaina aende jikoni ndipo nitoke nje.

Hospitali ya kwetu wakanipima kwa mikono, wakasema mashine ya picha haifanyi kazi, nenda Moroni. Kule kulikuwa na daktari wa mifupa, Mtunisia, aliyekuja kusaidia baada ya Wafaransa kuondoka. Nikamuaga mke wangu akiwa karibu kujifungua. Bi Zaina akanifungia mikate na maandazi, akaniambia, "Nenda, mwanangu, urudi umenyooka." Alisema mwanangu. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu niliona kwamba na yeye anaogopa.

Safari ya boti siisimulii. Nilisimama karibu njia nzima nimeshika kamba.

Moroni nilifikia kwa shangazi yangu Moinaesha, mtaa wa Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Shangazi alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Nyumba yake ilikuwa ndogo, wote tunakunywa chai kwa zamu kwenye vikombe vile vile vya maua. Mkumbuke vikombe hivyo.

Siku ya daktari nikaenda. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, foleni yake inatoka mpaka uani. Alizungumza Kifaransa. Nesi wa Kingazija, Bweni Amina (bweni kwetu ni heshima ya kumwita mwanamke mkubwa), ndiye aliyekuwa akitafsiri. Kingazija na Kinzwani ni ndugu wasiofanana sana, lakini Bweni Amina alikuwa mvumilivu, anarudia mpaka unaelewa.

Daktari akanigongagonga magoti, akanyanyua mguu wangu mpaka nikapiga kelele. Kisha akasema anataka kuona mifupa ikiwa kwenye mwendo. Picha ya kusimama pekee haimwambii kitu. Anataka picha ya ubavuni nikiwa nimesimama, nyingine nimeinama mbele, nyingine nimejipinda nyuma, ili aone kila mfupa unavyoondoka mahali pake na kurudi.

Nikapelekwa chumba cha eksirei. Daktari alibaki na foleni yake.

Mpiga picha alikuwa mtu mzima, mpole, ana alama ya sijda kwenye paji la uso. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba filamu zimebaki chache na hajui nyingine zitakuja lini, kwa hiyo tusiharibu hata moja.

Picha ya kusimama ikapita. Ya kuinama ndiyo ikawa shughuli. Kila nikijikunja maumivu yananishika, natikisika, na yeye ananisihi nitulie. Mara ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Yule bwana akanionea huruma.

"Fanya kama rukuu," akaniambia. "Tulia kama uko kwenye sala."

Hee! Hiyo naijua.

Niwaambie kuhusu fundi wangu wa chuo kule Patsy. Kwetu mwalimu wa Kurani tunamwita fundi. Huyu alitufundisha kusali kwa bakuli la maji. Ukirukuu anakuwekea bakuli mgongoni, na likimwagika unarudia. Mgongo uwe ubao, kichwa kisishuke wala kisipande, viganja vishike magoti. Wenzangu walilowa kila jioni. Mimi nilikuwa hodari wake.

Basi mbele ya mashine nikashika magoti, nikakunja nyonga, nikanyoosha mgongo. Rukuu safi kuliko zote nilizowahi kusali. Maumivu hayakuja. Nilitulia tuli, mashine ikalia, mpiga picha akasema, "Mashaallah."

Ya kujipinda nyuma nilikunja magoti tu na kutazama dari. Akasema inatosha. Nikatoka nimefurahi kwamba sikuharibu filamu ya watu.

Majibu nikapewa baada ya siku kadhaa. Ile taa ya kuangalizia picha ilikuwa haina umeme, daktari akazibandika kwenye kioo cha dirisha, moja baada ya nyingine, jua likaingia kwenye mifupa yangu. Mara ya kwanza kuona ndani ya mwili wangu. Sikupenda.

Daktari akaonyesha kwa kalamu, Bweni Amina akatafsiri. Hapa umesimama. Hapa umeinama. Tazama mifupa ya chini: imekaa vile vile. Mwili umeinama lakini mgongo haukusogea. Umeganda.

Kisha akaonyesha uwazi mmoja kati ya mfupa na mfupa, karibu na mkia, uliokuwa mwembamba kuliko nyingine. Akasema anahofia kifua kikuu cha mfupa wa mgongo. Hajathibitisha, lakini kwa mgongo ulioganda namna hii kwa kijana kama mimi, na uwazi ule uliopungua, hawezi kungoja. Nipimwe makohozi. Nivishwe plasta kuanzia makwapani mpaka nyongani, nilale chali miezi, huku nanywa dawa. Baadaye wataona kama nitapelekwa nje.

Akaniuliza kama nina swali.

Nilikuwa nayo mengi. Mgongo wangu unaoza? Nitatembea? Mke wangu je? Nilichosema ni neno moja la kwetu, "Ewa." Yaani ndiyo.

Bweni Amina akanitazama. "Umeelewa, mwanangu?"

"Ewa."

Nikatoka. Kijana wa jana, ndiyo maana nimekujua.

Siku zile TB ilikuwa neno la kunong'onwa. Mwenye nayo alikuwa na sahani yake, mkeka wake, na watoto hawapiti karibu. Kama ya mgongo inaambukiza au haiambukizi, nani angeuliza? Nilitembea kutoka hospitali mpaka Badjanani nimeshika ukuta, na kwa kila mtoto aliyepita mbio kichochoroni nilifikiri: wangu sitamgusa.

Hofu yangu ilikuwa hiyo, wakuu. Kifo sikukifikiria sana, nilikuwa kijana. Niliona nimelala chali kama gogo kwenye nyumba ya Bi Zaina, nimefungwa plasta, mtoto analia chumba cha pili, na mimi hakuna anayeniruhusu hata kumpakata. Mkwe wa serikali, hana harusi, hana mgongo.

Nikamwambia shangazi. Alilia, akanishika mkono, akaapa hatanitupa. Jioni chai ilipokuja, wao wakanywa kwenye vikombe vya maua. Changu kilikuwa cha bati.

Alikuwa na wajukuu mle ndani, ningemlaumu vipi? Lakini ile chai niliiacha.

Nikiwa kwenye hali hiyo, abiria mmoja kutoka Mutsamudu akapita na habari: Echati kajifungua salama, mtoto wa kike. Shangazi akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kisha macho yake yakaangukia kikombe cha bati pale chini, na kigelegele kikakatika katikati.

Nilitoka nikaenda msikitini. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Nikasali. Na hapo, katika rukuu, nikagundua kitu ambacho kilikuwepo siku zote na sikuwahi kukitilia maanani. Siumwi. Nimeinama, na siumwi. Nilipomaliza, nikatoka nje, nikajikunja kuokota makubadhi yangu mlangoni. Nusura nilie mbele za watu.

Nikarudi kujaribu. Rukuu, salama. Kuokota kiatu, moto. Kama mgongo umeganda au umeoza, mbona unauma hapa na kule hauumi?

Nilimuuliza shangazi kama nimwambie daktari. Akanikatalia kabisa. "Usimsumbue daktari na habari za viatu. Wako wachache hawa. Akikuchukia nani atakutibu?" Kwetu mtu mwenye elimu akishasema, unaitikia na kushukuru, na ukimuuliza tena ni kama umemwambia hajui. Na mimi kuli, namuuliza nini mtu aliyesomea mifupa? Nikakata shauri kunyamaza.

Nikanyamaza mpaka asubuhi ya plasta.

Nilivua shati, nikasimama katikati ya chumba. Bweni Amina alikuwa amejaza maji kwenye beseni na kupanga mabunda ya bendeji kavu za plasta mezani. Alinieleza kwamba zikishalowa hazingoji, ni kufunga moja kwa moja kabla hazijakauka. Daktari alikunja mikono ya koti. Nje watu wanakohoa na kuita majina. Akachukua bunda la kwanza, akaliinamisha juu ya maji.

Sikupata ujasiri, wakuu, msinipe sifa. Nilimfikiria mtoto ambaye sijamwona, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bweni, kwezi," nikasema. Ndiyo heshima ya kwetu kwa mkubwa.

"Mbona," akaitikia, ndilo jibu la kwezi kwetu.

"Mwambie daktari anisamehe. Mbona nikirukuu siumwi, na nikiokota kiatu nakufa?"

Bweni Amina akasita. Kisha akatafsiri. Daktari akajibu kwa haraka kitu kifupi, nadhani kwamba tutazungumza baadaye. Lakini bunda hakulitumbukiza. Akageuka akauliza: siku ya picha, ulipoinama mbele ya mashine, uliumwa?

"Hapana. Hata kidogo."

Akalirudisha bunda mezani. Akaenda dirishani, akabandika ile picha, akaitazama mpaka nikaanza kuogopa upya.

"Mwambie anionyeshe alivyoinama siku ile," akasema. "Vile vile."

Nikashika magoti, nikanyoosha mgongo, nikatulia. Rukuu ya Patsy.

Niliona viatu vya daktari vinanizunguka. Akasimama ubavuni, akaondoka, akarudi. Nikahisi kitu cha baridi kinawekwa juu ya kiuno changu. Ilikuwa bilauri yake ya maji ya kunywa, imejaa.

Haikumwagika hata tone.

Daktari akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti. Akaacha Kifaransa, akaniuliza kwa Kiarabu cha msahafu, pole pole, ili nimfuate: nani mwalimu wako? Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha chuoni kwamba ni fundi wangu wa Patsy, na nikamwomba aondoe bilauri. Bweni Amina alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Kisha akaacha kucheka. Akanieleza, na safari hii alivuta kiti karibu yangu. Mtu akiinama kwa kukunja mgongo, mifupa inafunguka mmoja mmoja, na hiyo ndiyo picha aliyoitaka. Mimi nimeinama kwa nyonga peke yake, mgongo nimeufanya ubao. Picha ikatoka ya ubao. Akasema na yeye kakosea, alipaswa kuuliza picha ilipigwaje kabla ya kuniambia umeganda.

Nikauliza, "Basi si TB?"

"Bado sijui," akasema. "Picha hii haikuniambia kitu. Sasa tutazame kweli."

Mnaona? Sikuwa nimepona. Nilikuwa nimerudi pasipojulikana.

Kwa sababu ya uhaba wa filamu, akaamua kuniangalia kwenye ile mashine ya kioo, inayoonyesha mifupa papo hapo bila kutumia filamu. Kioo chake kilikuwa hafifu, kinatazamwa gizani. Daktari alivaa miwani myekundu, akakaa nayo kitambo akiendelea na wagonjwa wengine, ili macho yake yazoee giza. Ilinichekesha na kunitisha kwa pamoja, daktari mwenye miwani myekundu anaandika dawa za watoto.

Ndani giza. Mpiga picha yupo, Bweni Amina yupo kwa sauti tu.

"Sasa sahau sala," akatafsiri. "Jikunje kama unatafuta kitu kilichoingia chini ya kitanda. Kichwa kwanza, kisha kifua, kisha kiuno. Pole pole."

Nikajikunja. Maumivu yakaja kama yanavyokuja. Nililia kwa sauti, na mpiga picha akanishika mabega nisianguke. Nilimsikia daktari akivuta pumzi.

"Rudi. Tena, pole pole."

Tena.

"Hapo! Asimame hapo hapo." Wakapiga filamu moja tu.

Safari hii aliniita mimi dirishani, niitazame naye. Mimi sijui mifupa, lakini hata mimi niliona. Mifupa ilipangana vizuri kutoka juu, halafu pale chini, kwenye ule uwazi mwembamba, mmoja ulikuwa umeteleza mbele ya mwenzake, kama kidato cha ngazi. Kwenye picha ya kusimama kidato hakikuwepo.

Akasema: haujaganda. Ni kinyume chake. Pale unasogea kupita kiasi. Kila ukijikunja mfupa unateleza na kubana mshipa wa mguu. Ukinyooka unarudi.

Nikauliza tena, na sasa sikuomba msamaha. "Ni TB au si TB?"

Akajibu kwamba kingo za mifupa ni safi, hazijaliwa, na makohozi hayakuonyesha kitu. Haoni dalili ya TB. Plasta hataniwekea, atanipa mkanda wa kiuno, na nirudi nikizidiwa au mguu ukifa ganzi.

"Kubeba magunia?"

"Kamwe."

Hilo lilinichoma, siwafichi. Ndiyo kazi niliyoijua.

Nikabakisha swali moja, nalo nililiogopa kuliko yote. "Mtoto je? Nina mtoto mchanga. Naweza kumnyanyua?"

Daktari akatabasamu, akajibu kwa Kiarabu, moja kwa moja kwangu. Mnyanyue. Ila uiname kama ulivyoinama kwenye mashine. Kunja magoti, mgongo uwe vile vile alivyokufundisha fundi wako. Hiyo rukuu iliyoniharibia picha, ndiyo uishi nayo.

Nilirudi Badjanani kwa miguu yangu bila kushika ukuta. Sijui kama mgongo ulikuwa na nafuu au ni moyo tu. Shangazi alisikiliza hadithi nzima, kwa mara ya kwanza bila kunikatiza. Kisha akachukua kile kikombe cha bati, akakitia maji, akawapelekea kuku. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha maua. Tukanywa.

Mutsamudu nilifika mchana. Echati alikuwa kalala, mtoto yuko kwenye mkeka sebuleni, Bi Zaina yuko pembeni anampepea. Nilimsalimu. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kuona kama nimenyooka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kumwambia kwamba sitabeba tena gunia, na maneno yote yakapotea.

Nikaenda mbele ya mkeka. Nikakunja magoti, nikanyoosha mgongo, kichwa sawa, nikashuka taratibu.

"We!" akasema Bi Zaina. "Unasali saa hizi? Na kibla ni kule!"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshamshika binti yangu. Nikapanda naye vile vile, mgongo ubao, nikasubiri maumivu. Hayakuja. Nikalia mbele ya mama mkwe wangu kama mtoto mwenyewe.

Aliuweka upepeo chini. Kisha akasema, "Mrekebishe shingo, mkwe wangu."

Mkwe wangu. Basi. La serikali halikusikika tena nyumbani mle, hata nilipomweleza habari ya magunia. Yeye ndiye aliyenitafutia meza ya kuuza nguo sokoni, kama baba yangu, na nguo ndizo zilizonileta huku Bara baadaye.

Yule binti sasa ni mama mtu mzima. Kijiko kikinianguka mezani ananitolea macho, anasema, "Baba, rukuu." Narukuu, naokota. Mgongo unanisumbua siku za baridi, kutembea natembea.

Kijana wa jana, nimeyaandika haya kwa ajili yako. Mimi sijui kilichomo kwenye picha zako, na humu hakuna anayejua, hata wale waliokwisha kukuandikia majina ya dawa. Rudi. Mwambie akuonyeshe picha uliposimama na ulipoinama, mkae nazo pamoja. Mwonyeshe kwa mwili wako ulivyoinama siku ile, na kama ulijizuia kwa maumivu au kwa haya, sema. Muulize lile swali unaloliona la kijinga. Mimi langu lilikuwa la kiatu, na bendeji zilikuwa zimeshafika juu ya maji.

Na ukijikuta unasema "sawa" hujaelewa, kaa. Usinyanyuke kwenye kile kiti.

Wakuu, nani mwingine humu alishawahi kumwitikia daktari kitu asichokielewa? Semeni, msione haya, mzee nimeshaanza mimi. Na kama kuna mtu wa Patsy anayesoma hapa, aniambie kama pale chuoni bado wanatumia bakuli.